Mtunza Ghala za Nchi: Somo la Sura Yusuf kwa Anayetaka Kusimamia Shamba Kubwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.



Somo la leo linahusu kazi ambayo sisi tunaosoma masomo ya dini hatuifikirii sana: kusimamia shamba kubwa. Sisemi kulima kipande cha nyuma ya nyumba, ambacho karibu kila mmoja wetu amekilima. Nasema kazi ya yule anayeamua ekari mia zipandwe nini, wafanyakazi walipwe lini, mavuno yahifadhiwe wapi na ghala lifunguliwe siku gani. Siku hizi mtu huyo huitwa meneja mkuu au mkurugenzi. Tukisikia cheo hicho tunadhani ni cha waliosoma uchumi na kilimo peke yao. Lakini katika Qur'ani yupo Nabii aliyeifanya kazi hiyo, na sura nzima imepewa jina lake.

Kabla sijaingia katika somo, nieleze kwa nini nimelichagua. Msiponijua, mtadhani nawafundisha watu wengine.

Ghala la Kobero

Mimi ni mzaliwa wa Kobero, Muyinga, pale mpakani tunapotazamana na Kabanga ya Tanzania. Anayepajua anajua maisha yake: malori yamepanga foleni, mawakala wa forodha na makaratasi mkononi, vijana wa kubadilisha pesa, akina mama wenye ndizi na maharagwe. Kwetu mtoto hujua bei ya mahindi kabla hajajua jedwali la kuzidisha.

Chuo kilipofungwa, mzee mmoja wa huko aliniajiri nimtunzie ghala. Ana shamba kubwa la mahindi, na pia hununua ya wengine. Sitamtaja jina, nitamwita al-Haji kama tunavyomwita wote. Aliniambia, "Wewe unasoma dini, hutaniibia." Alinilipa vizuri na kwa wakati. Nami sikumwibia hata punje moja. Kila gunia liliandikwa katika daftari.

Ilikuwa miezi ya njaa, wakati wakulima wameshapanda na akiba ya nyumbani inaisha, mavuno bado. Magunia yaliyokuwa ndani yalizidi mia mbili. Kama mia na ishirini yalikuwa ya shamba lake mwenyewe, mengine aliyanunua sokoni bei ilipoanza kupanda. Asubuhi moja al-Haji alinipigia simu: tufunge mauzo, bei bado itapanda.

Siku hiyohiyo alikuja jirani yetu, mama anayenijua tangu sijaota meno. Alikuwa na mfuko wa nailoni aliokuwa ameukunja mkononi. Akasema, "Mwanangu, nipimie kilo tano."

Nikamjibu, "Mama, yamekwisha."

Mlango ulikuwa nyuma yangu, na shati langu lilikuwa na vumbi la mahindi. Alilitazama lile vumbi. Kisha akasema, "Haya, Mungu akubariki," akaenda zake.

Niliporudi Gitega, katika darsa yetu ya Jumamosi tulikuwa tumefika Sura Yusuf. Mwalimu alipofika aya ya 55 aliuliza: "Nabii Yusuf aliweka nafaka ghalani kwa miaka. Mlanguzi naye huweka nafaka ghalani. Kufuli ni kufuli. Tofauti yao ni nini?" Halaqa nzima ikanyamaza, na mimi nikanyamaza kuliko wote. Makala hii ni jibu nililolitafuta tangu siku ile.

Njia aliyopitia Nabii Yusuf (A.S.)

Tuitazame sura kwa jicho la anayetafuta kazi. Yusuf alianza kisimani, akatoka akauzwa kwa bei duni. Akaingia katika nyumba ya mkubwa wa Misri, na humo akakabidhiwa amana ya nyumba akiwa mtumwa. Akajaribiwa katika amana hiyo na mke wa bwana wake, akashinda, na ushindi wake ukampeleka gerezani. Gerezani akakaa miaka kadhaa. Humo pia watu walimwona kuwa ni mtu mwema, wakamletea ndoto zao.

Kisha mfalme akaota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na masuke saba mabichi na mengine makavu. Wakuu wa baraza wakashindwa. Yusuf alipoulizwa hakuishia katika tafsiri ya ndoto. Tazama aya ya 47 hadi ya 49: alitoa mpango wa kazi. Walime miaka saba mfululizo kwa bidii. Wanachovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Itakuja miaka saba migumu itakayokula akiba, ila kidogo watakachokihifadhi. Kisha utakuja mwaka wa mvua. Humo mna uzalishaji, uhifadhi, matumizi na akiba ya mbegu, vyote katika maneno machache.

Halafu mfalme alipotaka kumtoa gerezani, Yusuf alikataa kutoka mpaka kesi yake ichunguzwe na ionekane hana hatia. Hakutaka kushika mali ya umma akiwa na doa jinani mwake. Ilipothibiti, mfalme akamwambia kuwa kuanzia siku hiyo ana cheo na anaaminiwa. Hapo ndipo alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi, akitaja sifa mbili: yeye ni hafidh, mtunzaji, na ni alim, mjuzi.

Hapa pana swali ambalo wanafunzi huliuliza. Si tumekatazwa kuomba uongozi? Ipo hadithi ya Abdur-Rahman bin Samura (R.A.) inayomkataza mtu asiombe uongozi. Wanachuoni wameeleza kuwa makatazo ni kwa anayeutamani kwa ajili ya nafsi yake, au asiyeuweza. Ama mwenye uwezo anayeona kuwa akikaa kimya jambo litaangukia mikononi mwa asiyefaa na watu wadhurike, kwake inajuzu kujitaja, na huenda ikamlazimu. Yusuf hakutaja ukoo wake, ingawa ni mwana wa Mtume na mjukuu wa Mitume. Alitaja kile ambacho kazi ilikihitaji.

Maneno mawili: mtunzaji na mjuzi

Ukisoma Sura al-Qasas aya ya 26, utakuta binti wa yule mzee wa Madyan akimshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), kwa kuwa mwajiriwa bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mizani ni ileile: uwezo na uaminifu. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Chukua neno alim. Kwa nini Yusuf aliagiza nafaka iachwe katika masuke? Ibn Kathir ameeleza kuwa hivyo hudumu zaidi na haiharibiki upesi. Babu zetu wa Muyinga hawakusoma Ibn Kathir, lakini hufunga mahindi yakiwa na maganda yake na kuyatundika juu ya meko, moshi uyafikie. Punje iliyopukuchuliwa ikiwa na unyevu na kutiwa gunia huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo huharibu ini la mlaji na haiondoki kwa kupika. Ndiyo maana wataalamu husisitiza mahindi yakaushwe mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 14 kabla ya kufunga gunia. Dumuzi na fukusi nao hawajali kama mwenye ghala anaswali. Meneja mcha Mungu asiyejua mambo haya atawalisha watu sumu kwa nia njema.

Sasa chukua neno hafidh. Ni zaidi ya kutokuiba. Mimi sikuiba, na bado nilimrudisha mama yule na mfuko mtupu. Yusuf aliwatunzia wenye njaa chakula chao, hakumtunzia mfalme magunia peke yake. Katika aya ya 59 anawaambia ndugu zake kuwa yeye hutimiza kipimo na ni mkaribishaji bora. Katika aya ya 65 tunaona kuwa posho ilikuwa shehena ya ngamia kwa mtu, na ndugu zake walitaka nyongeza kwa kumleta ndugu yao mdogo. Yaani kulikuwa na kiasi kwa kila mmoja, ili tajiri mwenye misafara asinunue ghala lote siku moja. Na katika baadhi ya vitabu vya tafsiri imesimuliwa kuwa Yusuf hakuwa akishiba katika miaka ile, ili asiwasahau wenye njaa.

Mfano wa karibu: Kakira

Mwalimu alitutaka tutafute mtu wa ukanda wetu aliyeendesha kilimo kikubwa, tumpime kwa maneno hayo mawili. Mimi nilimkumbuka mjomba wangu, dereva wa lori. Alipokuwa akipita Mutukula kwenda Kampala na kuendelea na njia ya Mombasa, alitusimulia kuwa ukishavuka Nile pale Jinja, miwa hukusindikiza kando ya barabara mpaka unachoka kuitazama. Hiyo ndiyo Kakira, na nimeisoma habari yake.

Mwanzilishi wake, Muljibhai Madhvani, alizaliwa mwaka 1894 huko Gujarat, India. Alifika Uganda mwaka 1908 akiwa kijana wa miaka 14, akafanya kazi katika duka la jamaa zake huko Iganga. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mhindu. Nasi tunajifunza kazi yake kama Waislamu wa zamani walivyojifunza tiba na hesabu kwa wasiokuwa wao. Kutoka dukani aliingia katika biashara ya mazao, kisha katika ardhi ya Kakira karibu na Jinja, na mwaka 1930 kiwanda chake cha sukari kikaanza kazi. Hesabu mwenyewe: toka kijana wa dukani mpaka kiwanda ni miaka 22. Yusuf naye hakutoka kisimani akaingia hazina.

Sukari ni zao linalomtia adabu meneja. Muwa ukikatwa lazima usagwe upesi, kwani kila siku inayopita utamu hupungua. Kwa hiyo mkataji, msafirishaji na fundi wa mtambo lazima waende kwa saa moja. Kakira ilijengewa reli ndogo za kubebea miwa, nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Madhvani alifariki mwaka 1958, na mwanawe Jayant akashika uongozi mpaka alipofariki mwaka 1971.

Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwa Waasia wa Uganda waondoke ndani ya siku 90. Familia ya Madhvani nayo ikatoka na mashamba yakaingia mikononi mwa serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Uganda ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 100,000 za sukari kwa mwaka, nyingi zikitoka Kakira na Lugazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa zimebaki tani elfu chache tu.

Ndugu msomaji, fikiri hapo. Ardhi ya Kakira haikufukuzwa. Mvua ya Busoga haikufukuzwa. Mitambo ilikuwa palepale. Kilichotoka ni elimu ya kuviunganisha, na waliopewa cheo hawakuwa nayo, au walikuwa nayo bila vipuri na bila amani ya kuitumia. Familia iliporudi mwaka 1985 ilibidi ianze upya karibu kila kitu. Leo Kakira inasaga tena, na makapi ya miwa yake yanazalisha umeme unaouzwa kwenye gridi ya taifa. Hiyo ndiyo maana ya alim katika karne yetu.

Lakini neno hafidh nalo lina swali lake pale. Kwa miaka mingi Uganda imejadili hali ya Busoga, ambako familia nyingi zimeigeuza ardhi yao yote kuwa miwa ya kuuzia viwanda, kisha zikanunua chakula sokoni kwa bei isiyo mikononi mwao. Simlaumu mtu mmoja kwa hilo. Naonesha tu kuwa elimu ya kutengeneza sukari haijibu swali la jirani atakula nini. Katika mpango wa Yusuf, kula kumetajwa katika sentensi ileile ya kuhifadhi. Kuanzia mwaka wa kwanza, kabla ya njaa yoyote, kulikuwa na fungu la walaji.

Kuhifadhi na kulangua

Sasa turudi kwenye swali la mwalimu. Kwa Kiarabu ulanguzi wa chakula huitwa ihtikar. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Ma'mar bin Abdullah (R.A.) kuwa hafanyi ihtikar ila mkosaji. Je, kila anayeweka gunia ghalani ni mkosaji? Kama ndivyo, nani atakula Novemba?

Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim ameeleza kauli ya Mashafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu Burundi. Ihtikar iliyoharamishwa ni katika vyakula vikuu: mtu anunue wakati wa ughali kwa ajili ya biashara, asiuze papo hapo bali afiche ili bei ipande. Ama kilichotoka shambani kwake, au alichonunua wakati wa wingi akakiweka, au alichonunua kwa ajili ya kula na watu wake, hicho hakimo katika makatazo hayo. Wanachuoni wamesema hekima yake ni kuwaondolea watu madhara. Kwa hiyo mwenye chakula akikataa kuuza na watu wamefika katika dhiki na hawana kingine, hulazimishwa kuuza ingawa kimetoka shambani kwake.

Ukiipima hukumu hii utaona kuwa kuweka akiba wakati wa wingi ni rehema. Wakati huo bei iko chini na mkulima anatafuta mnunuzi. Anayenunua na kuhifadhi vizuri anamsaidia. Hata serikali yetu ina shirika lake, ANAGESSA, linalonunua mahindi ya wakulima kwa ajili ya akiba ya chakula. Nabii Yusuf alikusanya katika miaka ya neema. Mlanguzi hukusanya dhiki ikishaanza, na kila gunia analolifungia huongeza njaa iliyopo.

Tofauti ya pili iko siku ya kufungua. Ghala la Yusuf lilijazwa kwa ajili ya siku ya njaa, na siku ya njaa ilipofika mlango ulifunguliwa. Ghala la Kobero, siku ya njaa ilipofika, ndipo lilipofungwa. Hili ndilo jibu langu kwa mwalimu. Kazi ya msimamizi wa shamba na ghala haihukumiwi siku ya mavuno, ambapo kila mtu hufurahi na kupiga picha. Huhukumiwa siku mtu anapokuja na mfuko mtupu.

Nikayapima magunia yetu. Yale yaliyonunuliwa bei ikiwa imepanda, naogopa yalikuwa katika makatazo wazi. Yale mia na ishirini ya shambani, al-Haji ana hoja. Lakini neno langu, "yamekwisha", halikuwa na hoja yoyote. Uongo hauhitaji kutafutiwa kauli ya madhehebu.

Mambo matatu ya kumshika meneja Mwislamu

La kwanza ni zaka ya mazao. Nisabu yake ni wasaki tano, ambazo wanachuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa karibu kilo 650 za nafaka. Shamba lililonyweshwa na mvua hutoa sehemu moja ya kumi. Lililomwagiliwa kwa gharama hutoa nusu ya hiyo. Wajibu wake hauhusiani na kuuza: Sura al-An'am aya ya 141 inataja haki ya mazao siku ya kuvunwa kwake. Chukua shamba la mvua lililotoa magunia 120 ya kilo 100. Zaka yake ni magunia 12, yaani kilo 1,200. Daftari langu lilianza baada ya mavuno, kwa hiyo siwezi kusema kama yalitolewa, na Mwislamu humdhania ndugu yake kheri. Lakini hesabu hii ilinikosesha usingizi: huenda yule mama alistahili kupewa bure kile nilichokataa kumuuzia.

La pili ni mizani na makadirio. Baada ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaachia Mayahudi wa pale waitunze mitende na mashamba kwa makubaliano ya kugawana nusu kwa nusu. Wanachuoni wametofautiana katika masharti ya mikataba ya namna hiyo, lakini asili yake ni hapo. Aliyetumwa kukadiria mavuno alikuwa Abdullah bin Rawaha (R.A.). Wakamkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie. Akayakataa, akawaeleza kuwa kutowapenda hakutamfanya awadhulumu, na hiyo rushwa ni haramu. Wao wenyewe wakakiri kuwa kwa uadilifu huo mbingu na ardhi zimesimama. Kila mkaguzi wa shamba na kila mpimaji wa mizani amkumbuke Ibn Rawaha.

La tatu ni mfanyakazi. Tumefundishwa kumlipa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Katika mashamba makubwa, vibarua ndio wa kwanza kuitwa na wa mwisho kulipwa. Meneja anayechelewesha faranga za kibarua ili azungushe mtaji, amekopa kwa maskini bila kumwomba.

Nilivyorudi Kobero

Kwenye Idi nilipanda basi la kupitia Karuzi hadi Muyinga, na kutoka hapo nyumbani. Nilikuwa na karatasi moja mfukoni. Al-Haji alikuwa ameshaniambia kuwa nikimaliza masomo nafasi ya kusimamia shamba na ghala ni yangu, na nyumbani kwetu mshahara ule ungebadilisha mengi. Wadogo zangu wawili wanasubiri ada.

Nikamsalimia, nikakaa, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, biashara hii ni ya watu wenye madeni, si ya wanafunzi. Nikiuza yote siku ya mavuno, mbolea ya msimu ujao nitanunua kwa nini?"

Hakukosea. Nami sikuwa nimekwenda kumwambia auze yote. Nilimpa karatasi yenye masharti yangu matatu kama atanitaka kazini: zaka ipimwe siku ya mavuno kabla ya gunia la kwanza kuuzwa; katika miezi ya njaa ghala lifunguliwe kila wiki, kila nyumba ipate kiasi chake kwa bei yenye faida ya haki; na nisiagizwe kamwe kusema hakuna ilhali kipo.

La tatu alilikubali palepale, akainamisha kichwa. La kwanza akasema atamuuliza sheikh. La pili alinyamaza, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa kanzu. Mpaka naandika hapa hajanijibu, nami sijaikubali kazi.

Kutoka kwake nilikwenda kwa yule mama na kilo tano. Alipozipokea aliniuliza, "Kwa hiyo siku ile yalikuwapo?"

Nikasema, "Yalikuwapo, mama. Nisamehe."

Alikaa kimya. Kisha akanivutia kigoda, akasema nisubiri uji.

Ndugu zangu, katika miaka michache baadhi yetu tutapewa funguo: za ghala, za ofisi, za ushirika wa kahawa, za shamba la chai. Tujifunze kazi hizo mpaka tuwe alim, na tumwogope Mwenyezi Mungu mpaka tuwe hafidh. Anayesema kuwa mwanafunzi wa dini hana kazi ila kufundisha madrasa, msomeeni Sura Yusuf.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kwa nini Nabii Yusuf alitaka kesi yake iishe kabla ya kushika hazina? Hili linatufunza nini kuhusu mtu anayeomba kazi ya amana?

2. Mkulima amevuna gunia 30 za kilo 100 kwa mvua, na gunia 20 katika shamba la kumwagilia kwa pampu. Kila shamba litoe zaka kiasi gani?

3. Mfanyabiashara amenunua maharagwe wakati wa wingi, akayaweka miezi mitano. Njaa imeingia na yeye hataki kuuza. Hukumu yake ni ipi, na msingi wake ni nini?

4. Mwajiri wako akikuagiza useme uongo mdogo kwa mteja, nawe una familia inayokutegemea, utafanya nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa wanaotimiza kipimo, na atusamehe tulipopunguza. Wabillahi tawfiq.